Gust Nyholm, Mtu Aliyeng'oa Kabureta za Aligvik

Padre, mwenyekiti wetu Wassily, ndugu na jamaa mliojazana humu mpaka kuta za kanisa zimetoa kitambi, mimi ni Zakar Nyholm, kaka mkubwa wa marehemu, na nimepewa kazi ya kusoma si kwa elimu, maana darasa la sita mwalimu aliomba uhamisho akaniacha hapo hapo nilipo, ila kwa sauti, kwa sababu sauti yangu nikiitoa vizuri hapa Aligvik, dubu wa Dillingham wanaangaliana. Kwa hiyo mkisikia neno limekaa upande, lisukumeni liende, na mkisikia chumvi imezidi, mnanijua, mkono wangu ni mzito tangu utoto, lakini kuna mahali nitafika nitaiweka chumvi chini, na mtapajua wenyewe.

Kabla sijaanza, niliseme lile mnalonong'onezana tangu Ijumaa, maana neno likikaa chini ya benchi linaoza. Jeneza hili linatakiwa liende Kijiji cha Kale leo hii, marehemu alazwe kando ya mwanawe Simeon kama alivyoomba kwa kinywa chake, na mto umeanza kushusha barafu, boti haipiti, iliyobaki ni ndege yake nyekundu, maana ndiyo pekee hapa inayoingiza jeneza, na injini ile ile, na rubani ni binti yake Anfesia. Na wapo humu waliosema injini hiyo ndiyo iliyomuua, kwa hiyo asibebwe nayo, awekwe kwenye banda la samaki mpaka mto ugande apelekwe na pikipiki za theluji, yaani mdogo wangu akae mwezi na zaidi ananing'iniwa na nyavu, na wengine mmesema zaidi ya hapo, kwamba tukishamzika tuzing'oe injini zake zote kwenye ndege zetu turudishe kabureta. Basi nisikilizeni mpaka mwisho, halafu mtasema.

Marehemu Gust Nyholm alizaliwa tarehe 2 Julai 1961, kwenye kambi ya samaki ya mama yetu, huko chini ya mto, mwaka ambao samoni walipanda wengi mpaka maji yenyewe yakakosa nafasi yakapita pembeni, mama aliweka kisu chini, akajifungua, akaokota kisu, akaendelea kupasua samaki, na mzee wetu, aliyekuwa fundi mitambo wa kiwanda cha samaki wa kopo, alikuja mbio akampokea mtoto kwa mikono iliyojaa grisi, na grisi ile haikutoka mwilini kwa Gust miaka sitini na miwili, jana tumemwosha mimi na vijana, kwenye kucha bado ipo, tukaiacha.

Alianza shule hapa hapa kijijini mwaka 1967, na tofauti na mimi yeye alikuwa anaelewa, akamaliza mwaka 1975, akapelekwa shule ya bweni huko Sitka mpaka 1979, akirudi likizo ananieleza mambo ya hewa na joto na mgandamizo, na mimi natikisa kichwa kama mtu anayeelewa Kilatini, kisha mwaka 1980 alikwenda Anchorage kusomea ufundi wa injini za ndege, akahitimu tarehe 11 Juni 1982, na picha ya siku hiyo ipo, kavaa suti niliyomwazima, suti ambayo mimi peke yangu nilikuwa nayo kuanzia hapa mpaka Urusi.

Mwaka huo huo wa 1982 aliajiriwa na kampuni moja ndogo ya ndege huko Dillingham, akafanya kazi miaka kumi na miwili kwenye banda ambalo baridi yake ukiacha kivuli chako nje usiku, asubuhi unakikuta kimevunjika vipande, na mwaka 1994 alirudi nyumbani akajenga banda lake mwenyewe pale mwisho wa kiwanja cha ndege, lile la mabati ya kijani, na hakuna mtu humu ndani mwenye ndege ambaye hajawahi kulala kwenye benchi la banda lile akisubiri Gust aseme, "Haya, chukua gari lako," maana ndege zote aliziita magari.

Alifunga ndoa na Olinga tarehe 18 Mei 1986, ndani ya kanisa hili, baada ya Olinga kumkataa mara mbili kwa sababu ya harufu ya petroli, na aliyemsaidia ni kaka yake Olinga, huyu Ignati aliyekaa benchi la pili, ambaye alikuwa mtani wake hata kabla ya kuwa shemeji yake. Siku ya posa Ignati alimwambia mbele ya wazee, "Dada yangu nakupa, lakini ujue hana rivasi," na Gust akamjibu, "Sitarudi nyuma, shemeji, nitatumia mbele tu," na kweli, miaka thelathini na saba hawakurudi nyuma.

Walijaliwa watoto wawili, Simeon aliyezaliwa tarehe 30 Novemba 1987, na Anfesia aliyezaliwa tarehe 8 Aprili 1990. Kuhusu Simeon chumvi naipunguza. Tarehe 14 Septemba 2009, siku ya mvua nyepesi, baridi isiyoweza hata kugandisha ndoo, Simeon aliondoka Kijiji cha Kale peke yake kwa ndege ya zamani ya baba yake, ya kabureta, na kwa nyie vijana mliokulia kwenye injini za Gust, kabureta ni koo, hewa na mafuta vinapita hapo pamoja, vikipita vinajipoza vyenyewe, na hewa ikiwa na unyevu koo linaota barafu ndani hata kama nje mtu anatembea na shati, injini inakabwa kama mtu aliyemeza mfupa. Kuna mkono wa kuvuta ili kuleta joto, na Simeon aliuvuta, tuliukuta umevutwa, ila aliuvuta barafu ikiwa imeshajenga nyumba na kuweka mapazia, na ndege ikaingia kwenye misonobari. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Gust aliifungua kabureta ile pale pale msituni kwa mikono yake, akaikuta safi, kavu, haina kosa lolote, imekaa kama shahidi wa uongo, maana huo ndio ubaya wa barafu ya kwenye koo, inaua halafu inaondoka.

Mwaka mzima hakusema na mtu, na Olinga alikuwa anaweka sahani mezani na kuiondoa vile vile, mpaka jioni moja kwenye chumba cha mvuke, tumekaa wanaume sita tunatoka jasho, Gust akasema, "Nitaziondoa zote." Ignati akamuuliza, "Nini, meno?" Akasema, "Kabureta."

Injini alizozileta haina haja nizieleze sana, mnazijua kwa sauti, hazina koo, kila silinda ina kijibomba chake chembamba kama utambi na nozeli yake mwishoni, pampu inasukuma mafuta, nozeli inayapuliza mlangoni kwa silinda, kila moja kwa mgawo wake, na barafu ile haina pa kukaa. Ya kwanza aliifunga kwenye ndege yake nyekundu mwaka 2011, tukaenda kuiangalia, Ignati akaizunguka mara tatu akasema, "Shemeji, hii siyo injini, hii imelazwa wodini, mirija kila mahali," na mimi nikasema kabureta yangu mimi nilishatua nayo juu ya mgongo wa nyangumi, ikazima, nikaiwasha kwa kuipigia mluzi, na Gust bila kuinua kichwa akauliza, "Na nyangumi mwenyewe anasemaje?" Lakini mmoja mmoja mkaenda kwake, kwanza walio na watoto, halafu walio na wake wakali, mpaka ikabaki ndege yangu mimi peke yangu yenye kabureta, kwa kiburi tu, sina sababu nyingine.

Na kila aliyefungiwa injini alipewa miiko miwili, nanyi mliicheka mkasema injini ya Gust ina miiko kuliko mwali. Wa kwanza, ukizima, usiifunike blanketi ingali moto, na hapo alitugusa penyewe, maana sisi mtu akitua kwenye baridi anaruka chini na kuitupia injini blanketi kabla hata hajaenda kukojoa, mtoto wetu analijua blanketi la injini kabla ya blanketi lake, lakini hii ukiifunika ikiwa moto vijibomba vilivyolala juu ya silinda vinapikwa, mafuta yanachemka ndani, yanakuwa mvuke, na injini hainywi mvuke. Wa pili, usiupige mkono wa mafuta mbele na nyuma wakati wa kuwasha, kabureta inapenda hivyo, hii inazama kwenye mafuta, na ikikataa ikiwa moto, rudisha mikono yote ya injini nyuma, iwashe pampu peke yake isukume mvuke urudi tangini, ndipo uguse stata. Anfesia aliijua miiko hiyo kabla ya kujua kuendesha gari, na tangu 2009 mpaka leo, hesabuni wenyewe, ni nani mwingine wa kijiji hiki tumemtoa kwenye misonobari.

Mwaka 2020, mwezi wa Februari, marehemu alianza kuchoka, kupanda ngazi ya banda anapumzika katikati, akapelekwa Anchorage, madaktari wakakuta moyo umetanuka, akarudi na mfuko wa vidonge na akasema, "Pampu imechoka, na mfano huu hauna spea," tukacheka, na hatukutakiwa kucheka. Kuanzia hapo kazi ya banda aliishika Anfesia, baba kakaa kwenye kiti na kikombe cha chai, anaelekeza kwa kidole, na baadhi yenu mlikuwa mnasubiri mpaka binti atoke ndipo mnamwuliza mzee, "Hii kweli ameikaza?" na mzee anawajibu, "Kuliko nilivyokuwa nakukazia mimi," na tangu hapo mkawa mnamwuliza Anfesia mwenyewe.

Sasa chumvi naiweka chini.

Alhamisi tarehe 19 Oktoba 2023, saa mbili asubuhi, marehemu alishikwa na kifua. Mhudumu wetu wa zahanati alimwekea hewa na kupiga simu, ndege ya wagonjwa ilikuwa imefungiwa na ukungu upande wa pili, hakuna aliyejua itatoka lini, na hapa kwetu kulikuwa kweupe, kwa hiyo Anfesia aliondoa viti vya nyuma, akamlaza baba yake na chupa ya hewa, akaruka kuelekea hospitali ya Dillingham. Katikati ya safari ukungu ukashuka mbele, akageuka, ukawa umeshafunga na nyuma, akatua kwenye kile kisiwa cha kokoto karibu na kambi ya Ignati, akatua vizuri, hata kikombe hakikudondoka. Marehemu mwenyewe alimwambia, "Zima, mama, mafuta tutayahitaji."

Ignati aliisikia ndege ikipita chini, akaja kwa boti. Alipofika, kabla ya salamu, alichukua blanketi la injini akaifunika, kwa sababu alilelewa hivyo, na Anfesia alikuwa ndani ameshika mkono wa baba yake, hakuona. Walikaa pale wakisubiri. Gust alifumbua macho akamwona shemeji yake akasema, "Umekuja kunizika au kunywa chai?" na Ignati akamjibu, "Chai kwanza." Wakanywa, Gust alikunywa kidogo.

Ukungu ulipoinuka, pumzi ya marehemu ikakatika pale pale. Anfesia akapiga magoti akaanza kumkandamiza kifua kama alivyofundishwa, na Ignati akatupa blanketi, akapanda kiti cha mbele kuwasha, ili aje ashike kifua yeye na Anfesia arushe. Anfesia akamwambia bila kugeuka, "Mjomba, rudisha mikono yote, pampu peke yake kwanza." Ignati akasema, "Mwanangu, mimi nimeanza kuwasha injini mama yako hajaota meno," akaupiga mkono wa mafuta mbele na nyuma, mbele na nyuma, injini ikakohoa mara moja, ikazama. Akashikilia stata mpaka betri ikaisha. Akashuka, akashika pangaboi la mbele ya ndege akawa analizungusha kwa mikono, na mikono yake ile mliyoiona imefungwa bandeji, ambayo wengi mmeuliza na hakuna aliyewajibu, ndiyo hiyo. Marehemu alifariki hapo kwenye kokoto, saa tano na dakika ishirini asubuhi, binti yake akiwa bado anakandamiza, na aliendelea kukandamiza muda mrefu baada ya hapo, mpaka mjomba wake akamshika mabega, wakamrudisha marehemu nyumbani kwa boti.

Daktari wa Dillingham tulimwuliza kama angefika ingekuwaje, na hakutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, alisema labda angepona, labda asingepona, yeye hajui, na hakuna atakayejua. Kwa hiyo hilo tunalo, tutakaa nalo.

Kesho yake, kabla barafu haijaanza kushuka, nilikwenda na Anfesia kwa boti kuichukua ndege, tukabeba betri nyingine, injini imepoa, Anfesia amekaa kwenye kiti, mbele yake pangaboi lenye damu kavu ya viganja vya mjomba wake, akawasha. Mzunguko wa pili ikashika. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni natafuta neno la kejeli, miaka kumi na miwili nimekuwa nalo tayari, nikaenda kushika mkia nimgeuzie ndege.

Mambo haya hatukuyajua yote siku ile, Anfesia hakusema, aliacha mseme injini imemuua baba yake, akanyamaza kwa ajili ya mjomba wake. Ni Ignati mwenyewe, Jumamosi, aliyekuja nyumbani kwa Olinga akasimama mlangoni bila kuvua kofia akayaeleza. Dada yake akamwambia, "Sema tena, taratibu." Akasema tena. Olinga akamkalisha, akamfungua bandeji, akamwosha mikono kwa maji ya moto, akamfunga upya, hakulia wala hakumtukana, akasema, "Hili lisomwe kanisani, kaka, lisiposomwa wataweka kabureta, na watoto wa watu watakwenda kama Simeon." Ignati akasema, "Asome Zakar, mimi sauti haitatoka." Ndiyo maana nimelisoma, kwa ruhusa yake, na atakayetoka hapa akamtupia neno Ignati, aje kwanza anitupie mimi, maana blanketi lile mimi ningelitupia vile vile, na mkono wa mafuta ningeupiga kwa nguvu zaidi, na nyie nusu yenu pia, mnajijua. Injini za mdogo wangu ziacheni zilipo, mkajifunze miiko yake, na ya kwangu Anfesia akirudi ataing'oa koo, nimeshamwambia, akaniuliza, "Baba mkubwa, na nyangumi je?" nikamwambia atazoea.

Familia inawashukuru madaktari wa Anchorage waliompa miaka mitatu na nusu ambayo hatukuitegemea, mhudumu wetu wa zahanati aliyemshughulikia asubuhi ile na kubaki redioni mpaka mwisho, majirani walioleta supu, mkate wa kukaanga na samoni mkavu mwingi mpaka mbwa wa mtaa mzima wamekuwa na adabu, mafundi wenzake wa Dillingham waliokuja wakati ukungu ulipowaruhusu, Padre kwa kukesha nasi, vijana waliochimba kaburi huko Kijiji cha Kale kwenye udongo ulioanza kuwa jiwe, waliokwenda na ndege zenye injini zake, wakarudi salama.

Na wale mnaogeuka geuka kumtafuta shemeji Olinga kwenye benchi la mbele, hayumo humu. Asubuhi alinivuta pembeni akasema, "Wewe soma, shemeji, refusha unavyotaka, na wao wabishane wanavyotaka, mimi nitakuwa nimeshakaa kwenye ndege, kiti cha mbele, mkanda nimefunga, na anayetaka kuniteremsha aje na wenzake." Ametoka tulipokuwa kwenye mambo ya shule, na Anfesia ametoka naye kwenda kuipasha injini moto. Kwa hiyo, mwenyekiti, uamuzi uliobaki kwako ni mmoja tu, nani anabeba jeneza upande upi, na Ignati ameomba kushika mbele, mikono yake haimruhusu, mpisheni ashike.

Gust, mdogo wangu, maneno yameniishia, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu mto huu uanze kutiririka. Binti yako atakufikisha. Lala na mwanao, pumzika kwa amani.